Upindo wa Mguu wa Kushoto

Kwako Dada mpendwa,

Kabla ya salamu, na kabla sijakuuliza habari za magoti yako, ninalo tangazo rasmi. Naomba ulisome ukiwa umesimama, kama magoti hayo yanaruhusu. Inatangazwa kwa wote wanaohusika kwamba mimi mdogo wako, baada ya miaka mitatu ya mazungumzo magumu kati yangu na tundu la sindano, nimekubali kushindwa, na sasa navaa miwani. Shughuli ilifanyika mbele ya daktari wa macho. Mama alihudhuria kama shahidi, akacheka mpaka daktari naye akashindwa kusoma herufi zake mwenyewe ukutani. Fremu ni nyeusi na nene. Mama anasema nafanana na mwalimu mkuu aliyesimamishwa kazi. Mimi najiona kama profesa, lakini hilo nimeliacha liwe siri kati yangu na kioo. Mwisho wa tangazo. Unaweza kukaa.

Sasa salamu zenyewe. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wale wajukuu wawili wanaokuendesha mchakamchaka. Magoti yanasemaje? Na kazi ya wodini je, bado wanakupa zamu za kusimama mchana kutwa, wewe uliyebakiza mwaka mmoja ustaafu? Waambie una mdogo wako fundi cherehani ambaye ni mtu mkali sana, ila ana miwani.

Huku hatujambo. Mama hajambo kabisa. Ana miaka themanini na kitu, na hicho kitu anakificha kama mchumba. Kila asubuhi anatembea mpaka kwenye kona na kurudi, na akirudi anazo habari nyingi kuliko redio. Wewe anakutaja kila siku. Na kaka yetu Bingwa, Mama anamtaja kila siku vilevile, kwa ile sauti yake ya kumtaja mtu aliyetumwa dukani akachelewa. Miaka ishirini na sita tangu apotee, Dada, na Mama bado anasema huyu mtoto naye.

Mimi niko dukani kwangu na cherehani yangu ile ile. Wateja wangu bado wananiita Pima-Tena, na wewe unajua kwa nini, maana mwenyewe ulipokuja likizo ulinicheka mpaka ukashika mlango. Mtu akija kushonesha suruali, nampima upindo akiwa amesimama, nampima akiwa amekaa, halafu namtembeza mpaka mlangoni na kurudi ndipo namfunga pini. Wengine husema wametoka nyumbani kushonesha suruali, si kuomba kazi ya jeshi. Ulipouliza nimelitoa wapi wazimu huu, nilikujibu kwamba ni ufundi. Nilikudanganya, na ndilo jambo linalonifanya nikuandikie barua badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ningeanza mizaha, ungeanza kucheka, na salio lingekwisha kabla sijasema kitu.

Basi endelea kukaa hapo hapo, Dada. Mwite na shemeji akae karibu.

Miezi minne iliyopita alikuja dukani mama mmoja, karani wa kituo cha polisi cha ng'ambo ya mto. Mwanamke mnene, mcheshi, ana sauti ya kuamsha mtaa. Alileta suruali yake ya kazini niipanue kiunoni, maana alisema kiuno kimepandishwa cheo. Nilimpima, nikamkalisha, nikamtembeza mlangoni. Aliporudi nikamwambia atembee tena. Safari ya tatu akachoka. Akaniambia kwamba kule kwao kituo kinahamia jengo jipya, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuorodhesha vitu vya zamani vya stoo, pamoja na nguo za maiti ambazo hazikupata mwenyewe. Akasema katika stoo ile ana marehemu mmoja aliyekuwa kilema, mguu wa kushoto mfupi, na fundi wake aliikata suruali sawasawa na mguu ule mfupi, vidole viwili kamili. Yule, akasema, ndiye fundi. Aliweza kumvalisha mtu mwenye mguu mmoja mfupi, na mimi hapa nashindwa kumvalisha yeye mwenye miguu mizima miwili.

Wateja waliokuwa kwenye benchi walicheka sana. Mimi nilikuwa na pini tatu mdomoni. Nilizitoa moja moja, nikazichomeka kwenye kile kifuko cha pini, halafu nikamuuliza suruali hiyo ina rangi gani. Akasema ya kijivu. Nikamuuliza kama kwa ndani, kiunoni, imeshonwa kwa uzi wa kijani. Akaacha kucheka. Akaniuliza nimejuaje.

Nilijua kwa sababu uzi wa kijivu uliniishia, Dada.

Kesho yake nilivuka kwa daraja. Hivi sasa kuna daraja zuri, magari yanapishana. Wewe unayakumbuka yale mawe ya kuvukia. Yule karani alinikalisha kwenye chumba kilichojaa mafaili mpaka dirishani, akaniletea bahasha ya karatasi ngumu iliyofungwa kwa kamba. Nilivaa miwani yangu. Naona niliivaa mwaka huu kwa ajili ya kazi hiyo moja tu. Mshono ule niliujua kabla sijaugusa, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kushona vibaya namna ile: unakwenda, unapotea, unajikumbuka, unarudi. Nilikaa nao mapajani. Yule mama mcheshi akatoka akafunga mlango taratibu, na nje nikamsikia akimkaripia mtu aliyetaka kuingia.

Baadaye alinisomea faili, na mimi nakuandikia kama alivyonisomea. Mwili ulionekana wiki tatu tangu siku ile Bingwa alipotoka, chini kabisa, kwenye pampu ya maji ya mji wa ng'ambo. Uso haukuweza kutambulika. Mfukoni hamkuwa na kitu. Kulikuwa na maelezo ya mama mmoja aliyekuwa akifua nguo mtoni. Alisema wiki tatu nyuma alimwona kijana kilema akivuka juu ya mawe, akichechemea mguu wa kushoto. Kijana alimwamkia vizuri, na alikuwa akicheka peke yake. Yule mama aliinama kusuuza shuka, alipoinua macho hakumwona, akadhani amekwisha vuka. Askari akayaweka mambo mawili pamoja, maelezo ya mfuaji na suruali yenye mguu mfupi, akaandika: mwanaume, umri kama miaka thelathini, kilema wa mguu wa kushoto tangu kuzaliwa. Wakamzika kwenye makaburi ya manispaa, wakaweka kibao chenye namba.

Polisi walipolifukua kaburi, mimi sikumwambia Mama kitu mpaka daktari wao alipohitaji mate yake ili ayalinganishe na mifupa. Wewe ni muuguzi, unajua wanavyofanya, kile kijiti chenye pamba. Mama alifungua mdomo kama anayeonyesha meno, ingawa yamebaki machache ya kuonyesha, kisha akasema kumbe mate yake bado yana kazi. Hakuniuliza ni ya nini. Alijua. Tulisubiri wiki tisa. Majibu yalipokuja daktari alituita wote wawili, akatueleza polepole kwamba huyu ni mtoto wake, hakuna shaka. Halafu akasema jambo moja lililomshangaza: mifupa ya miguu yote miwili ilikuwa sawa, haikupishana hata kidogo, na hajui ni nani aliyeandika habari ya kilema.

Ni Bingwa, Dada. Kaka yetu amepatikana. Hakuwahi kwenda mbali, hata mji wa pili hakufika. Wakati tunamtafuta katika vituo vya mabasi na hospitali na magereza, yeye alikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mlangoni kwetu, akiwa na namba badala ya jina.

Najua unachofikiri sasa, kwa sababu umekifikiri kwa miaka ishirini na sita. Unafikiria jioni ile ya kuamkia siku yenyewe, mlipogombana mezani kwa sababu ya uvivu wake, ukamwambia atoke akatafute kazi na asirudi humu ndani mpaka awe mtu. Asubuhi akatoka, na hakurudi. Ukaamini ametii. Ukaamini yuko mahali anaishi, ana hasira nawe. Yule kondakta aliposema amemwona mtu wa kufanana naye akishuka stendi ya mji huo, wewe uliomba uhamisho, ukaenda, ukakaa. Shemeji aliniambia kwamba Jumamosi unapita stendi hata kama huna safari. Aliniambia pia kwa nini hujawahi kubadilisha namba ya simu, wala kukubali kuhama nyumba ile inayovuja. Nami nilimjibu nini? Nilimwambia wanawake wa ukoo wetu wana vichwa vigumu. Tukacheka.

Sasa nisikilize. Hakwenda kwa sababu yako. Alikwenda kwa sababu yangu, nilijua siku hiyo hiyo, na nikanyamaza.

Ile suruali unaikumbuka. Mama alinipa kitambaa cha kijivu, na nilikuwa na mwaka mmoja kwa mwalimu wangu wa cherehani, kule ng'ambo. Ilikuwa suruali yangu ya kwanza. Mguu wa kushoto ulitoka mfupi kwa vidole viwili, na mpaka leo siwezi kueleza ilikuwaje, labda nilipima nikiwa na njaa. Bingwa alipoijaribu pale sebuleni, wewe ulisema hiyo si suruali, hiyo ni kesi. Tulicheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote ili nisilie. Uliniambia niifumue, na siku ya pili nikakuambia nimeifumua na nimeirekebisha. Sikuifumua. Nilikuwa nimekwisha kata kitambaa mpaka mwisho, hapakuwa na upindo wa kushusha, na kwa kuufupisha mguu wa kulia ningemwachia Bingwa kaptura ndefu. Niliikunja nikaificha chini ya godoro.

Na mwalimu wangu alikuwa na sheria yake. Mwanafunzi akimaliza mwaka, anashona nguo, na mwenye nguo anakwenda peke yake kwa mwalimu akiwa ameivaa. Mwalimu anakaa nje barazani anamtazama anavyokuja tokea mbali, anavyopanda ngazi, anavyokaa na kuinuka. Mwanafunzi mwenyewe haruhusiwi kufika, kwa sababu alisema wanafunzi huja wakavutavuta viuno vya watu na kutoa visingizio. Nguo ikikataa, mwanafunzi anarudi kwao akalime. Siku yangu ilikuwa imefika, na mimi sikuwa na nguo nyingine wala kitambaa kingine. Nilimwomba Bingwa. Alikuwa kitandani anatazama dari, akaniambia nimwachie yeye.

Siku tulipokwenda polisi kuandikisha, askari aliuliza alivaa nini. Wewe ukanigeukia, kwa sababu mimi ndiye niliyelala naye chumba kimoja. Nikasema suruali ya kaki. Ukikumbuka nilijibu haraka sana, hata askari akanisifu kwa kumbukumbu. Kaki ilikuwa inaning'inia kwenye msumari nyumbani. Nilirudi nikaikata vipande, nikafutia cherehani mafuta mpaka vikaisha.

Nilikwenda kwa mwalimu siku ya tatu, nikamuuliza kama kuna mtu alikuja. Akasema alikaa barazani mchana kutwa na hakuona mtu. Akasikia tumepotelewa na ndugu, akanionea huruma, akaniambia hatanipima tena, niendelee tu na kazi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa fundi, Dada. Mpaka leo hakuna aliyeikagua ile suruali.

Wiki ya tano tuliitwa kituoni kwetu. Yule askari akatuambia ng'ambo wameopoa mwili, lakini tusihangaike kwenda, huyo ni kilema wa kuzaliwa. Wewe ulikutanisha viganja ukamshukuru Mungu. Nilikuwa nimesimama karibu yako, nimekushikia mkoba. Siwezi kukuambia kwamba sikujua. Nilijua kwa muda wa kutunga uzi kwenye sindano. Halafu nikajiambia dunia ina vilema wengi, nikapiga fundo nikakata uzi. Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza katika wiki tano kukuona unatabasamu. Na nilinyamaza kwa sababu mimi ni mwoga. Sababu ya pili ndiyo kubwa. Nimeitanguliza ya kwanza kwa mazoea tu.

Kila mwaka nilisema mwaka huu nitamwambia. Ulipofunga mizigo kwenda mji huo, nilikushonea begi. Zipu niliitia mara mbili ili isikatike. Hiyo ndiyo ilikuwa toba yangu, zipu.

Mama nimemwambia yote, siku ile ya majibu, kwenye benchi nje ya ofisi ya daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba chai. Alipoimaliza akasema siku ile aliniona jikoni na sahani ya ukoko, akadhani ni ulafi wangu wa kawaida. Nitakueleza habari ya ukoko. Halafu alinishika mkono huu wa kulia, akakitazama kidole kile kilichochomwa sindano mara elfu, akaniambia nisiguse suruali ya mtu mpaka nikuandikie wewe. Ndiyo maana duka nimelifunga leo siku ya nne. Karatasi nimechana nyingi. Wateja wanagonga dirisha, Mama anatoka anawaambia Pima-Tena anapima kitu kikubwa.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Njoo kwanza. Mama anataka Bingwa aandikwe jina lake pale kaburini badala ya namba, na anasema halitaandikwa wewe ukiwa hupo. Tumeshakwenda kumwona. Ni mahali safi, kuna nyasi fupi, na mtu anayezikata ni mtaratibu. Mama alikaa chini akamsema Bingwa kwa nusu saa kwa kuchelewa, kisha akamsafishia kile kibao kwa ncha ya kanga yake. Suruali wametupa, iko hapa mezani mbele yangu imekunjwa. Nilimuuliza Mama kama niisawazishe tuizike naye. Akasema swali hilo si lake, nikuulize wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeiita kesi.

Na sasa nikueleze ilivyokuwa asubuhi ile, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyekuwepo, nami nimeibania miaka yote hii kama mali yangu, kumbe nusu yake ni yako.

Wewe ulikuwa umekwenda zamu. Mama alikuwa uani anaosha vyombo. Bingwa aliamka vizuri kabisa. Wakati ananawa uso alikuigiza wewe, kidole kile juu, shingo ile, akaniambia mimi nisirudi humu ndani mpaka niwe mtu. Hakuwa na kinyongo hata cha kujazia kijiko. Akasema dada yetu ana haki, bwana, na kwamba kesho yake atakwenda kuulizia kazi ya kupaka rangi kwenye ile shule inayojengwa, lakini leo ana shughuli ya mdogo wake. Akaivaa suruali. Akasimama mbele ya kioo, akatazama ule mguu wa kushoto ulivyopanda juu, akatikisa kichwa, akasema hili ni jambo dogo, suruali haiwezi kurefuka lakini mtu anaweza kupungua.

Akakunja goti la kushoto kidogo, akashusha nyonga, na pindo mbili zikawa sawa. Akaanza mazoezi kati ya kitanda na dirisha. Mara ya kwanza alitembea kama mlevi. Mara ya pili kama bata. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni natazama pindo kwa usawa wa jicho, namwambia shusha, pandisha, hapo hapo. Mara ya nane akapata mwendo: kuchechemea kwa heshima, kama mzee aliyewahi kuwa mtu mkubwa. Akasema mwalimu ataona haya kuuliza. Na akiuliza, atamwambia amezaliwa hivyo, na kwamba katika mafundi wote wa nchi ni huyu kijana wake mmoja tu aliyewahi kuuheshimu mguu wake. Tulicheka mpaka Mama akagonga ukuta kwa mwiko.

Nilimwambia anaweza kutembea kawaida mpaka karibu na kwa mwalimu. Akakataa. Akasema mzee anakaa nje anatazama watu tokea mtoni, na pia mwendo wenyewe bado haujamkaa vizuri, lazima aujaribu njia nzima, hasa juu ya yale mawe, maana akiuweza kwenye mawe ataweza popote. Mawe yalikuwa na maji, mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Nilijua. Nilifikiria suruali italowana pindo.

Akaniagiza nimtunzie ukoko wa chini ya sufuria, atarudi saa nane na njaa. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho humu ndani, Dada, ukoko. Hakuwa anahama. Alikuwa anarudi kula. Nilimtunzia mpaka saa kumi, kisha nikaula mwenyewe nimesimama, nikidhani amekaa kwa mwalimu anapiga soga.

Nilimtazama kwa dirishani akitoka. Alifika getini, akageuka kunionyesha mikono miwili kama mtu aliyeshinda mbio, yeye ambaye tulimwita Bingwa kwa kuwa hakuwahi kushinda kitu. Kisha akashusha nyonga akashika njia, akichechemea kwa ajili yangu. Nami nakuapia, kwa mbali kule, suruali ilikuwa sawa kabisa.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama anakusalimu, anasema uje na nguo nzito kidogo, asubuhi kuna baridi. Jumamosi hii ukipita stendi, Dada, panda gari.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Pima-Tena